Alichobeba Ami Marhoon

Mabela, Maskati
Jumamosi, 14 Novemba 1998

Kwa Shangazi yangu Bi Nasriya,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Natanguliza salamu za Mama, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha nazitanguliza kweli. Anasema karafuu ulizompa Bi Ghadeer zimefika zote, ila chupa ya achari imefika nusu. Bi Ghadeer anasema nusu nyingine ilimwagika uwanja wa ndege. Mama anasema ilimwagikia tumboni. Mdogo wangu Hadeel ameingia mwaka wa pili chuo kikuu pale Al Khoudh. Anaondoka na basi la chuo asubuhi, anarudi Magharibi, na siku hizi akiomba chumvi mezani unadhani anatoa mhadhara.

Mimi sijambo. Kazi niliyokueleza nimeianza, ukarani katika ofisi ya uwanja wa mbio za farasi, na niko katika muda wa majaribio mpaka mwisho wa Aprili. Siku za kawaida napiga barua na kupanga mafaili. Siku za mbio nakaa kibandani, mlango wa mabanda ya farasi, na daftari. Lina safu nne: jina, namba ya kadi, saa ya kuingia, na alichobeba. Mkubwa wetu, Bwana Saeed, ambaye ndiye Katibu wa uwanja, alinambia siku ya kwanza kwamba safu ya nne ndiyo kazi yenyewe.

Sasa habari ya Ami Marhoon. Nimeizunguka ukurasa mzima kwa sababu sijui niingilie wapi.

Unajua kuhusu macho yake. Daktari amesema presha ya macho imeshalimaliza la kushoto, na la kulia anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Na unajua kuhusu Zumaridi, farasi jike aliyemlea nyuma ya nyumba tangu ananyonya. Huu ni msimu wake wa mwisho. Mbio za kufunga ni mwezi wa Machi, kisha atapumzishwa azae. Ami alituambia, "Nataka nimwone akipita mstari kwa hili jicho lililobaki. Baada ya hapo likitaka kwenda na liende."

Ijumaa ya tarehe sita, kabla ya mbio, Ami alimfukiza Zumaridi bandani, kama afanyavyo siku zote. Alitumia kile chetezo cha marehemu mkewe Bi Mahbuba, makaa mawili, ubani na kipande cha udi. Ni vile vile Bi Mahbuba alivyokuwa akitufukiza sisi mmoja mmoja asubuhi ya Idi kabla hatujatoka mlangoni. Jambo hilo likaandikwa katika daftari. Jumanne barua ikatoka: Ami Marhoon amezuiwa kuingia uwanjani siku yoyote ya mbio mpaka Kamati ya uwanja iamue vingine. Jina lake limebandikwa ubaoni, mlangoni, katikati ya jina la mtu aliyemchoma farasi sindano ya dawa na la mtu aliyempiga mpanda farasi kwa fimbo.

Shangazi, huyu ni mtu aliyeandika mizigo ya watu pale Bandari ya Sultan Qaboos miaka ishirini na mbili, na hakikupotea hata kifurushi. Amenilea mimi tangu Baba alipofariki. Nikipita pale ubaoni naangalia chini.

Makosa yangu ya Kiswahili yarudishe kwa wino mwekundu kama kawaida yako.

Mwanao,
Khattab


Kikwajuni, Unguja
9 Desemba 1998

Mwanangu Khattab,

Wa alaykum salaam, marahaba. Barua yako imenifika jana. Sijui posta waliiweka wapi ikipumzika. Vuli imetupiga vizuri mwaka huu, na paa langu limenikumbusha kwamba fundi niliyemsifu kwenu ni muongo. Mwambie mamako huyo Bi Ghadeer namjua tangu skuli, achari haijamwagika.

Nimekusoma mara mbili, mara ya pili nimesimama. Ubani? Ubani unaotoka milima ya huko huko kwenu, unaofukizwa misikitini, harusini, kwa mzazi, kwa maiti? Huku kwetu watu wameshafungwa kwa karafuu zao wenyewe, nikadhani vituko vya dunia vimekwisha. Kumbe vimebaki vya ubani.

Na jina la kaka yangu ubaoni, baina ya mchoma sindano na mpiga fimbo! Marhoon, ambaye baba alipotutuma duka akirudi na chenji anaihesabu mbele ya kila mtu mpaka tukaona haya!

Hebu tulia sasa unisikilize, maana mimi nimekaa mahakamani miaka thelathini na moja nikiandika maneno ya wakubwa. Ninakilie hiyo kanuni neno kwa neno, usinisimulie. Kisha utazame inasema mlango uliofungwa unafunguliwa vipi. Kanuni yoyote inayofunga mlango lazima itaje na ufunguo. Isipotaja hiyo si kanuni, ni ukuta. Na unambie nani aliandika katika daftari. Hukusema. Umenambia "likaandikwa".

Nimempigia simu Marhoon juzi. Laini inakoroma kama mgonjwa, lakini nilimuuliza wazi: nani kakuandika? Akanambia, "Zumaridi hajambo."

Nna mengi, ila taa imekwenda.

Shangazi yako,
Nasriya


Mabela
3 Januari 1999, sawa na katikati ya Ramadhani

Kwa Shangazi yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Mama anafunga vizuri, ila kisukari kinamsumbua alasiri. Hadeel amejifunza kupika sambusa na sisi tunajifunza kuzila. Barua yako ilifika na wino mwekundu. Nimeona nilikosea mara tisa, nitajitahidi.

Kanuni ni hizi. Zimeandikwa kwa Kiarabu, nimezigeuza kwa uangalifu niliouweza.

"Kanuni ya 14. Siku ya mbio haruhusiwi kuingia ndani ya uzio wa uwanja, kwa mlango wowote, mtu ambaye amempa farasi, au amejaribu kumpa, kitu chochote kisichoidhinishwa kwa maandishi na daktari wa uwanja, kiwe kwa mdomo, kwa sindano au kwa pumzi.

Kanuni ya 15. Aliyezuiwa kwa Kanuni ya 14 anaweza kuruhusiwa na Kamati baada ya Kamati kusikiliza maelezo ya mtu aliyetoa taarifa."

Kwa hiyo ufunguo upo.

Nimetazama mafaili. Kanuni hizi hazikutungwa hapa. Zilinakiliwa kutoka nchi ambazo watu huweka dau juu ya farasi, na kwa ajili ya dau huwalevya farasi au kuwachosha ili washindwe. Hapa hakuna dau, Shangazi. Tumechukua dawa ya ugonjwa tusiokuwa nao na tumemnywesha mtu mzima asiyeumwa. "Kwa pumzi" wao walikusudia dawa ya kuvuta. Ubani wa Bi Mahbuba haukuwa akilini mwa mtu yeyote.

Tarehe 11 Desemba, mbio za mwisho kabla ya Ramadhani, Ami aliamua kuja mlango wa watazamaji badala ya mabandani. Alivaa kanzu mpya na kilemba. Jina lake likatafutwa ubaoni, likaonekana. Akazuiwa.

"Huu ni mlango wa watazamaji," Ami alisema. "Sina chetezo, sina hata kiberiti. Nipekueni."

Akajibiwa kwamba kanuni inasema mlango wowote.

"Na farasi wangu?"

"Farasi hana tatizo. Yuko ndani."

"Kwa hiyo aliyevuta moshi ni halali, aliyeuwasha ndiye haramu?"

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mmoja akamwambia, "Mzee, ungemfukiza na askari, leo angekuwa mpole!" Ami hakucheka. Alirudi kwenye pikapu, akakaa humo mpaka mwisho, mbele yake ukuta wa nyuma wa jukwaa. Zumaridi alikuwa wa pili. Nilipotoka kibandani, Ami aliniuliza, "Alipita upande gani? Wa ndani au wa nje?"

Ukikaa kibandani huoni mbio. Unasikia kelele tu, unajua zimekwisha.

Kuhusu swali lako la mwisho, adhana inakaribia na Mama ananiita nikapange tende, kwa hiyo nitalijibu katika barua nyingine.

Mwanao,
Khattab


Kikwajuni, Unguja
24 Januari 1999

Mwanangu,

Idi njema. Tende zako zilifuturiwa saa ngapi siku hiyo? Maana nimeisubiri hiyo barua nyingine, sijaiona.

Bwana Harub, wa huko huko kwenu, alipokuja kuwatazama wazee wake aliniletea bahasha kutoka kwa Marhoon. Hamna barua ndani. Nakala tu ya ile barua ya kumfungia, na nakala ya ukurasa wa daftari ulioambatishwa. Kaka yangu ndivyo alivyo. Jambo likimuuma hulitia ndani ya bahasha.

Nimeisoma barua kuanzia chini. Ndivyo nilivyofundishwa kazi: chini, pembeni, herufi za aliyetunga, mkwaju, herufi ya aliyepiga mashine. Herufi ya aliyepiga ni khe, inayoanza jina lako. Nikasema sawa, karani hupiga anachoambiwa, hilo si kosa lake. Ndipo nikafunua ukurasa wa daftari. "Amemfukiza farasi mizunguko mitatu, kuanzia kulia, na kumalizia usoni." Mgeni angeandika "moshi". Askari angeandika "moto". Mizunguko mitatu kuanzia kulia anaijua mtu aliyezungushwa hivyo hivyo, na Mahbuba, kila Idi, tangu ana miaka sita.

Na barua zako, mwanangu. Likaandikwa. Ikatoka. Akazuiwa. Akajibiwa. Huko kwenu mambo yanajitenda yenyewe? Nani alimjibu Marhoon kwamba kanuni inasema mlango wowote? Askari wa mlangoni anazijua kanuni neno kwa neno?

Sikukuandikia haya mapema kwa sababu nilitaka uyaseme wewe. Nami nna langu ambalo sikulisema. Mwaka sitini na tano nilipewa barua nipige, ya kumtoa mwanamke mmoja katika nyumba yake, mtaa wa pili kutoka kwetu. Jina lilikuwa la mtu mwengine, la shemegi yake. Nililiona kosa. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nna kazi mpya, nna bosi anayepiga meza. Nikaipiga barua vizuri sana, haina hata herufi moja iliyopanda juu. Nikaweka N yangu chini. Yule mwanamke alipita hapa na vyombo vyake kwenye gari la ng'ombe, akanisalimia. Sikusema kitu. Sijamwona tena, na mwaka huu inatimia thelathini na nne.

Mimi si hakimu wako. Kanuni ya 15 umeinakili mwenyewe kwa mkono wako. Isome.

Shangazi yako


Mabela
8 Februari 1999

Shangazi,

Leo Mama hajui kama nakuandikia, kwa hiyo hana salamu.

Ni mimi. Nilikuwa natembelea mabanda nikiwa na daftari, nikamwona. Aliniona pia, akanipungia mkono. Nikaandika. Ni mimi niliyepiga barua, na ni mimi niliyeitwa mlango wa watazamaji siku ile, kwa sababu askari hakuwa na uhakika, nikasema kanuni inasema mlango wowote. Nilisema nikitazama vifungo vya kanzu yake.

Nakueleza sababu, usinihesabie kuwa ni udhuru. Mbio za kwanza za msimu nilikuwa nimeacha safu ya nne tupu kwa watu kumi, na Bwana Saeed alinisomea majina yote kumi mbele ya ofisi. Kisha mtu mmoja akasema kwa utani, "Subirini aje ami yake, mtaona safu itakavyokuwa nyeupe." Neno hilo lilinikaa. Siku ile nilipomwona Ami na chetezo niliogopa kusemwa nampendelea. Nikamwandika kwa urefu kuliko watu wote. Walioingia na mikoba nimewaandika "mkoba", sikufungua hata mmoja. Yeye nilimhesabia mizunguko.

Ami hajanambia neno. Kila asubuhi ananimiminia chai, na sasa hivi anaimimina kwa kugusa ukingo wa kikombe na kidole ili ajue imejaa.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa Bwana Saeed, Jumamosi ya tarehe 30. Nilikuwa nimeandika maelezo yangu kurasa mbili. Ofisi yake ilikuwa imetoka kufukizwa, alikuwa anatarajia wageni, na moshi ulikuwa bado umesimama kwenye mwanga wa dirisha. Hakuyachukua maelezo.

"Uliona au hukuona?" aliniuliza.

"Niliona, Bwana."

"Uliandika uongo?"

"La."

"Basi unataka kufuta ukweli?"

"Nataka Kamati isikilize maelezo yangu. Kanuni ya 15..."

"Itasikiliza. Msimu ukimalizika."

Nikamwambia msimu ukimalizika farasi atakuwa amemaliza, na jicho pia. Akatabasamu vizuri kabisa, Shangazi. Si mtu wa kupiga meza. Akasema, "Khattab, wewe uko majaribio. Karani mzuri haandiki jambo moja mara mbili."

Nikatoka. Nilikuwa na harufu ya ofisi yake nguoni mpaka nyumbani, hata Mama akaniuliza nani anaoa.

Ijumaa iliyopita kulikuwa na mbio. Ami hakuja. Zumaridi aliongozwa na Aziz, mpanda wake, peke yake. Alikataa kuingia katika kizuizi cha kuanzia mara tatu, na alimaliza wa saba.

Zimebaki mbio mbili, tarehe 26 mwezi huu na tarehe 12 Machi. Nikifukuzwa, ada ya basi na vitabu vya Hadeel sijui itatoka wapi.

Khattab


Kikwajuni, Unguja
17 Februari 1999

Mwanangu,

Nampa barua hii rubani, mtoto wa jirani, ikufike haraka, kwa hiyo ni fupi na haina habari za paa.

Umesema "ni mimi". Basi, hilo limekwisha baina yetu, sitalirudia.

Huyo Katibu wenu simpendi kwa tabasamu lake. Anayepiga meza unajua atapiga lini. Lakini kasema neno moja la haki bila kukusudia: ukweli haufutwi. Sasa wewe usifute. Ongeza.

Hakimu ana nyundo, askari ana bakora, mwenye nguvu ana simu. Karani hana ila daftari. Lakini likishaandikwa humo, hata mwenye simu lazima ajibu. Nimeyaona haya kwa macho yangu, na nilichelewa kuyatumia.

Kula vizuri. Mamako kanambia kwenye simu unakonda.

Shangazi yako


Mabela
Jumapili, 14 Machi 1999

Kwa Shangazi yangu mpenzi,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Mama hajambo, Hadeel hajambo, na Bi Ghadeer amekuja kutuaga, anasafiri tena. Mama amempa halua katika kopo lililofungwa kwa gundi na kamba.

Barua yako ilinifika tarehe 23. Nililala na lile neno lako siku tatu.

Ijumaa ya tarehe 26 niliwahi kibandani. Mstari wa kwanza niliandika jina langu mwenyewe. "Khattab, karani. Alichobeba: kalamu mbili, funguo, na moshi wa udi katika kanzu, aliofukizwa nyumbani. Amemshika pua farasi Zumaridi." Ni kweli, Mama hufukiza nguo zetu kila Alhamisi.

Kisha wakaanza kuingia. Shangazi, unajua watu wa huku siku ya Ijumaa. Ni nani anayetoka msikitini hanuki? Niliwaandika wote. Nilifanya kama nilivyomfanyia Ami: saa, nguo, nani alimkaribia farasi gani na kwa muda gani. Mwenye farasi mmoja alitia tone la udi kidoleni akampaka farasi wake kwenye paji la uso, nikaandika. Mjumbe mmoja wa Kamati alimkumbatia farasi shingoni, na kilemba chake cha shemagh kilikuwa kimefukizwa mpaka mimi nikapiga chafya. Nikaandika kwamba nilipiga chafya. Na saa nane na dakika kumi aliingia Bwana Saeed. "Alichobeba: miwani, simu, na moshi wa udi katika kanzu ya dishdasha, kilemba na ndevu. Alisimama mbele ya pua ya farasi namba tano kiasi cha dakika nne akizungumza."

Walikuwa watu sitini na tatu.

Asubuhi yake nilipeleka daftari pamoja na karatasi moja niliyoipiga mapema: "Kwa mujibu wa Kanuni ya 14, naomba idhini ya kutayarisha barua sitini na tatu za kuwazuia waliotajwa. Naomba pia maelekezo kuhusu ubao, kwani hautoshi." Nakala moja niliitia kwenye faili la Kamati, pamoja na yale maelezo yangu ya kurasa mbili, kama utaratibu unavyotaka. Ikishaingia kwenye faili hilo hupewa namba, na ikishapewa namba haitoki.

Bwana Saeed aliniita kabla chai haijapoa.

"Unanifanyia mzaha?"

"La, Bwana."

"Hii nini? Ndevu zangu zimo katika daftari la serikali?"

"Nimeandika nilichokiona na nilichokinusa. Kanuni inasema kwa pumzi."

"Hii ni harufu ya nguo! Hii ni desturi ya watu!"

Nikasema, "Naam, Bwana. Na chetezo cha Bi Mahbuba kilikuwa desturi ya nani?"

Safari hii hakutabasamu.

Kamati ilikutana Jumatano. Niliitwa, nikasomewa maelezo yangu, nikaulizwa kama ni yangu, nikasema ni yangu. Mzee mmoja wa Kamati alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, na mabega yake yalikuwa yanacheka. Wakaongeza sentensi mwisho wa Kanuni ya 14, kwamba moshi wa ubani, udi na bukhuri inayofukizwa nguoni, nyumbani na bandani hautahesabiwa. Jina la Ami likabanduliwa.

Hawakumwomba radhi. Barua ya kumfungia ilikuwa na kurasa mbili na kiambatisho. Ya kumfungulia ina mstari mmoja na nusu, haina hata neno "samahani", na imemwita "mtajwa". Mtajwa! Amekaa miezi minne ubaoni kama mhalifu, kila anayeingia na motokaa yake anamsoma, halafu anarudishiwa jina lake kama mtu anayerudishiwa mwavuli aliousahau. Nilitaka kuongeza mstari mmoja wangu. Sikuongeza. Lakini herufi yangu iko chini, pembeni, na safari hii nimeiweka kwa mkono, kwa wino.

Mimi nami nimepata mstari mmoja na nusu wangu. Majaribio yangu hayakuthibitishwa. Nitamaliza mwisho wa Aprili. Hadeel amesema mwaka ujao atafundisha watoto hesabu alasiri, na kwamba nisimtazame kama maiti.

Juzi, Ijumaa, zilikuwa mbio za mwisho. Ami alikuja mlango wa mabandani, mkono mmoja begani kwa Aziz, mkono wa pili kashika chetezo, kinafuka. Nilishika kalamu, sikujua niandike au nisiandike.

"Andika," alisema.

"Ami, sasa haina haja. Kanuni imebadilika."

"Kanuni yenu siijui. Kazi naijua. Mtu kapita mlangoni kabeba kitu, karani anaandika." Akakisogeza chetezo mbele ya kibanda nikione vizuri. "Mara ya kwanza uliandika sawasawa, mizunguko yote mitatu. Nilimwambia mamako jioni ile ile, huyu mtoto ana jicho. Nilichokasirika ni kwamba wengine uliwaandika nusu."

Alikuwa anajua, Shangazi. Alijua tangu nilipokuwa naandika. Nikaandika: "Chetezo, makaa mawili, ubani, udi." Aliuliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza, akaingia.

Alimzungusha Zumaridi mara tatu, kuanzia kulia. Aziz anasema farasi aliingia kwenye kizuizi bila kusukumwa. Kisha nikasikia kelele, zikapanda, zikashuka, nikajua zimekwisha.

Ami alirudi kibandani kilemba kimekaa upande. Sikuthubutu kumuuliza kama aliona. Akaegemea dirisha langu akipumua kama aliyekimbia yeye.

"Wa tatu," alisema. "Alipita upande wa ndani, karibu kabisa na uzio. Haya, funga hilo daftari, twende nyumbani."

Mwanao,
Khattab